Siri Chini ya Sakafu ya Monticello

SEHEMU YA 1: MNADA WA JANUARI

Januari 1827. Baridi imeukamata mlima, lakini watu hawakukubali kubaki majumbani. Wanapanda, wengine juu ya farasi, wengine kwa magari ya kukokotwa, hadi kileleni palipo na nyumba ya matofali mekundu yenye nguzo mbele na kuba juu ya paa. Ni Monticello, katika jimbo la Virginia, nyumba ambayo leo imechorwa nyuma ya sarafu ya senti 5 ya Marekani.

Mwenyewe hayupo. Thomas Jefferson, aliyeandika Tangazo la Uhuru la mwaka 1776 na baadaye akawa Rais wa 3 wa Marekani, alifia humo Julai 4, 1826, siku taifa lake lilipotimiza miaka 50. Alikuwa na umri wa miaka 83. Alijenga, akabomoa, akajenga tena. Alinunua vitabu na mvinyo na vyombo kutoka Ulaya. Na alipofumba macho aliacha deni lililozidi dola 107,000.

Wadai wanataka chao. Tangazo limetolewa katika gazeti la Charlottesville, mji ulio chini ya mlima. Fanicha zitauzwa. Vyombo vya jikoni vitauzwa, mifugo itauzwa, mavuno ghalani yatauzwa. Na juu ya vitu vyote hivyo, mwanzoni kabisa mwa orodha, yameandikwa mali ya kwanza: watu 130.

Katika umati wa wanaouzwa yumo mvulana wa miaka 11, Peter Fossett. Mama yake, Edith, ndiye mpishi mkuu wa nyumba hii, aliyepelekwa Ikulu ya Washington akiwa msichana akajifunze upishi wa Kifaransa. Baba yake, Joseph, ni mhunzi anayesifika mlima mzima kwa mikono yake. Bibi yake anaishi mjini akiwa mtu huru, na amezoea kumpa mjukuu wake nguo nzuri. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, Peter alisimulia kwamba mpaka siku ile hakuwa amejua hasa kuwa yeye ni mtumwa. Alikua akikimbia kwenye baraza za nyumba kubwa, akiwaona wageni mashuhuri wakija na kuondoka, na mzee mwenye nyumba akipita na fimbo yake.

Sasa amesimamishwa mbele ya watu ili akaguliwe.

Joseph yupo hapo, na uchungu wake una sura mbili. Wosia wa Jefferson umemtaja: ataachiwa huru mwezi Julai, mwaka mmoja baada ya kifo cha bwana wake. Amebakiwa na miezi 6 tu. Lakini wosia huo haukumtaja Edith, wala mtoto wao hata mmoja. Mhunzi hawezi kununua mtu, maana bado yeye mwenyewe ni mali. Kwa hiyo amezunguka akiwabembeleza watu huru anaowaamini wamnunulie mkewe, naye atawalipa kwa nyundo yake. Mmoja amekubali. Edith na wadogo wawili wananunuliwa naye, wanaokoka.

Inafika zamu ya Peter. Dalali anataja bei. Mkono unanyooshwa, na si wa rafiki. Ni wa bwana mmoja jina lake John Jones. Ila Jones anatoa ahadi mbele ya baba: ukipata fedha, Joseph, njoo nazo, mwanao nitakurudishia.

Joseph akashuka mlimani na ahadi hiyo. Peter akaondoka na Jones.

Je, ahadi ya mnadani hudumu miaka mingapi?

Itaendelea Jumapili ijayo.


SEHEMU YA 2: KIJANA ALIYEKATA KILELE CHA MLIMA

ILIPOISHIA: Peter Fossett amenunuliwa na John Jones, aliyeahidi kumrudisha kwa baba yake siku fedha zitakapopatikana.

Kabla hatujamfuata Peter, lazima turudi nyuma karibu miaka 60. Nyumba hii haieleweki mpaka ujue ilivyojengwa, na kwa mikono ya nani.

Mwaka 1768 Jefferson alikuwa kijana wa miaka 25, mwanasheria, mrithi wa mashamba. Akaamuru kilele cha mlima kikatwe kiwe tambarare. Majirani zake walijenga mabondeni karibu na mito, kwa sababu maji yalikuwa huko na mashua zilizobeba tumbaku zilipita huko. Yeye alitaka kuona mbali. Gharama ya uzuri huo ililipwa na wengine: kisima kilichochimbwa pale juu kilikauka mara kwa mara, na kila pipa la maji lililokosekana kileleni lilipandishwa kutoka chini na watumwa.

Hakusomea ujenzi, Marekani ya wakati ule haikuwa na chuo cha fani hiyo. Mwalimu wake alikuwa kitabu, hasa kazi za Andrea Palladio, Mwitaliano wa karne ya 16 aliyefundisha kwamba nyumba iwe na vipimo vinavyolingana kama hekalu la Kirumi: nguzo, pembetatu juu ya nguzo, upande wa kushoto ukifanana na wa kulia. Matofali yalifyatuliwa na kuchomwa hapo hapo mlimani. Jengo la kwanza kukamilika, mwaka 1770, lilikuwa dogo sana: chumba kimoja juu, jiko chini yake. Linaitwa Banda la Kusini, na bado limesimama. Januari 1772 Jefferson alimleta humo bibi arusi wake, Martha, theluji ikiwa imefunika njia. Naomba msomaji akumbuke jiko lile la chini. Tutalihitaji.

Martha alifariki mwaka 1782. Miaka miwili baadaye Jefferson, sasa mgane, akavuka bahari kwenda Paris kuiwakilisha nchi yake, na huko macho yake yakafunguka upya. Kando ya mto Seine ilikuwa inajengwa nyumba ya fahari, Hôtel de Salm, ndefu na ya chini, yenye kuba katikati. Jefferson alikuwa akienda kwenye bustani ya ng'ambo ya mto, anakaa ukutani, anageuza shingo kuitazama. Aliandika katika barua kwamba aliondoka pale shingo ikimuuma. Moyoni akaapa kuibomoa Monticello ya kwanza.

Lakini hakwenda Paris peke yake. Alimchukua kijana James Hemings, mtumwa wake, akamweka kwa wapishi wa Kifaransa ajifunze kazi. Na mwaka 1787, binti mdogo wa Jefferson alipoitwa amfuate baba yake, aliyetumwa kumsindikiza baharini alikuwa dada yake James, msichana wa miaka 14. Jina lake Sally.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi vya shule vililiruka. Sally na James walikuwa ndugu wa marehemu Martha. Baba yao alikuwa mmoja, John Wayles. Mama zao mbalimbali. Wayles alipokufa, Martha aliwarithi ndugu zake wa damu pamoja na mashamba na ng'ombe, na kwa njia ya ndoa wakawa mali ya Jefferson.

Sally alikaa Paris zaidi ya miaka miwili. Akajifunza lugha, akashona, akawahudumia mabinti wa Jefferson. Katika miaka hiyo, Jefferson, mwanamume wa zaidi ya miaka 40, alimfanya suria. Na Ufaransa ilikuwa na sheria ambayo Virginia haikuwa nayo: mtumwa aliyefikishwa katika ardhi ya Ufaransa aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake, na wengi walikuwa wakishinda.

Ikafika mwaka 1789. Jefferson anafunga masanduku arudi nyumbani. Sally ana miaka 16, na kwa maelezo ambayo mwanawe Madison aliyatoa gazetini mwaka 1873, alikuwa mjamzito. Akamwambia bwana mwenye nguvu kuliko wote aliowahi kuwajua kwamba harudi Virginia.

Itaendelea Jumapili ijayo.


SEHEMU YA 3: MLANGO UNAOZUNGUKA

ILIPOISHIA: Paris, 1789. Sally Hemings, miaka 16, amekataa kurudi utumwani.

Alirudi.

Madison Hemings alieleza sababu. Jefferson alimwahidi mama yake mambo mawili: ataishi kwa upendeleo, na kila mtoto atakayemzaa ataachiwa huru akifika miaka 21. Binti wa miaka 16, mbali na mama yake, hana fedha, hana wakili, akajadiliana na mtu mzima aliyekuwa balozi. Alichoweza kukipata alikipata kwa ajili ya watoto ambao hawajazaliwa. Mimi naona huo ni ujasiri usiopungua ule wa waliotia sahihi Tangazo la Uhuru.

Mtoto wa kwanza hakuishi. Baadaye Sally alizaa wengine, na wanne wakakua: Beverly, Harriet, Madison na Eston.

Mwaka 1796 nyundo zikaanza kulia mlimani. Ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani iliangushwa, na kwa zaidi ya miaka 10 Jefferson akaijenga ile tunayoiona leo. Mwaka 1800 kuba likapanda, la kwanza kuwekwa juu ya nyumba ya kuishi nchini Marekani. Ukisimama bustanini utaapa kwamba nyumba haina ghorofa. Kumbe zimo sakafu tatu, na chini yake handaki la maghala. Madirisha ya vyumba vya juu yamewekwa usawa wa sakafu, yakaunganishwa na yale ya chini, na mtazamaji wa nje anaona dirisha moja refu. Vyumba vya nyumba yenyewe ni 33. Ukijumlisha mabanda mawili na vile vya chini ya baraza vinafika 43. Lakini hakuna ngazi ya fahari hata moja. Zilizopo zina upana wa sentimita 61 tu, zimefichwa pembeni, na mwanamke aliyebeba mtoto au sinia alizipanda kwa shida.

Jefferson hakupenda kazi ionekane. Katika mashamba mengine makubwa ya Virginia, jiko, banda la kukaushia nyama na vibanda vya watumwa vilisimama wazi pembeni mwa nyumba. Yeye alichimba ubavu wa mlima, akavisukuma vingi humo, kisha mapaa yake akayafanya baraza ndefu mbili za kutembelea jioni. Mgeni aliyekuwa akitazama machweo alikuwa anatembea juu ya vichwa vya wapishi, na hakujua.

Ingia chumba cha kulia uone. Ubavuni mwa meko pamefichwa lifti ndogo za mbao. Mtu wa chini anaweka chupa kutoka ghala la mvinyo, mtu wa juu anavuta. Mlango mmoja una rafu mgongoni. Chakula kimetoka jikoni chini ya baraza, kimepita njia ya chini ya ardhi, kimepandishwa ngazi nyembamba, kimepangwa kwenye rafu. Mlango unazunguka, vyakula vinatokeza mezani, na aliyevipika hakuonwa na mtu. James Hemings alipata uhuru wake mwaka 1796, baada ya kumfundisha mdogo wake, Peter Hemings, kazi ya jikoni. Orodha ya vyombo aliyoiandika kwa mkono wake kabla ya kuondoka ipo hadi leo, kwa hati safi ya mtu aliyesoma.

Ukumbini saa kubwa inaendeshwa na vyuma vizito vinavyoning'inia kwa kamba, na vyuma hivyo vikishuka ukutani huonyesha siku ya wiki. Ukuta ulikuwa mfupi. Ikabidi sakafu itobolewe. Jumamosi iko chini, handakini.

Nje, kwenye njia iitwayo Mulberry Row, karakana zilijipanga. Wavulana wa miaka 10 hadi 16 walifua misumari, 8,000 hadi 10,000 kwa siku, na faida ya misumari ikasaidia kulisha nyumba ya bwana. Seremala John Hemmings, ndugu yake Sally kwa mama, alichonga milango, fremu na fanicha ambazo wageni wa leo wanazisifia. Katika maisha yake Jefferson alimiliki watu zaidi ya 600, na wapatao 400 kati yao waliishi Monticello. Wanahistoria wana barua zake kwa maelfu, na kwa miaka mingi walitafuta humo msimamo wake kuhusu utumwa. Mimi nasema ramani ya nyumba inajibu vizuri kuliko barua. Mtu aliyejua kwamba jambo ni baya, na asitake kuliacha, alilijengea ukuta.

Mwaka 1822 Beverly aliondoka mlimani, na hakuna aliyetumwa kumfuata. Harriet naye akaondoka. Msimamizi wa shamba alikumbuka baadaye kwamba aliagizwa ampe dola 50 na nauli ya gari. Wote wawili walikuwa weupe wa kutosha kuingia mjini na kuhesabiwa Wazungu, wakapotelea huko moja kwa moja. Ahadi ya Paris ilikuwa inatimia.

Kisha ikaja Julai 1826. Wosia ukasomwa. Wanaume watano waliachiwa huru, wote wa ukoo wa Hemings, na Madison na Eston wakiwamo. Watathmini wakapita wakiandika bei ya kila aliyebaki. Walipofika kwa Sally, ambaye jina lake halikuonekana popote katika wosia, waliandika: dola 50.

Itaendelea Jumapili ijayo.


SEHEMU YA 4: BAHARIA NA MZEE WA KANISA

ILIPOISHIA: Wosia wa Jefferson umewaacha huru wana wa Sally. Yeye mwenyewe ameandikiwa bei.

Sally hakupandishwa mnadani. Binti wa Jefferson alimwacha aende zake, kimyakimya, bila hati. Sheria ya Virginia ya mwaka 1806 ilimtaka mtumwa aliyeachiwa huru aihame Virginia ndani ya mwaka mmoja, isipokuwa bunge la jimbo limruhusu kubaki; na kumwombea ruhusa ni kulitaja jina lake mbele ya watu. Sally akashuka mlimani akaishi Charlottesville na wanawe wawili, katika nyumba yao wenyewe, mpaka alipofariki mwaka 1835. Hakuacha barua. Hakuna picha yake inayojulikana.

Na Peter? Joseph Fossett alipata uhuru, akafua chuma usiku na mchana, akakusanya fedha. Akaenda kwa John Jones.

Jones akakataa.

Familia ikahamia Ohio, jimbo lisilo na utumwa, mtoto wao akabaki nyuma. Peter alijifunza kusoma na kuandika kwa siri. Akatoroka, akakamatwa. Akatoroka tena, akakamatwa tena, akafungwa, na mwaka 1850 akapandishwa mnadani mara ya pili katika maisha yake. Safari hii jamaa na marafiki walikuwa wamejiandaa. Wakamnunua, wakampa uhuru. Alifika Cincinnati akawapata wazazi wake baada ya zaidi ya miaka 20, akawa mwandaaji wa karamu, akawa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti, na akasaidia watu waliokuwa wakitoroka utumwa kama alivyotoroka yeye.

Nyumba nayo ilikuwa na mitihani yake. Mwaka 1831 ilinunuliwa na James Barclay, aliyekata miti ya bustani apande miforosadi ya kufugia viwavi wa hariri. Mradi ukafa. Mwaka 1834 akaja mnunuzi ambaye watu wa Virginia hawakumtarajia: Uriah Phillips Levy, ofisa wa Jeshi la Majini, Myahudi kutoka Philadelphia. Levy alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi mara 6 kwa ugomvi, mara nyingi ukianzia kwenye matusi juu ya dini yake, na alipigania kufutwa kwa adhabu ya viboko melini. Alimpenda Jefferson kwa sababu moja: kutetea uhuru wa mtu kuabudu atakavyo. Akatengeneza paa, akatafuta fanicha za zamani, akamleta mama yake, Rachel, aishi hapo. Rachel alifariki mwaka 1839, na kaburi lake lipo kando ya Mulberry Row. Lazima niseme na hili: Levy naye alikuwa na watumwa mlimani. Mtu aliyechukia mjeledi melini aliishi katika shamba lililolimwa na watu wasio huru.

Alifariki mwaka 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na wosia wake ukashangaza ukoo mzima. Monticello aliwaachia wananchi wa Marekani. Ndugu zake wakaenda mahakamani. Serikali ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ikaitaifisha nyumba na kuiuza. Vita vikaisha, uuzaji ukafutwa, kesi ikaendelea. Mwaka ukapita, ikapita 10, kesi bado ipo.

Katika muda wote huo mlinzi aliyeachwa pale alifanya alivyotaka. Nafaka ilipepetwa sebuleni, juu ya sakafu ya mbao iliyopangwa kipande kwa kipande na mafundi wa Jefferson. Majira ya baridi ng'ombe walilala vyumba vya chini. Vioo vilivunjika, mapaa yakavuja, wageni wakachonga majina yao kutani na kubeba vipande vya nyumba kama kumbukumbu.

Mwaka 1879 kesi ikakatwa, na nyumba ikauzwa kwa mpwa wa yule baharia, Jefferson Monroe Levy, wakili tajiri wa New York, kwa dola 10,050. Huyu aliiokoa kwa mara ya pili. Na mwaka 1900 akapanda mlimani mzee wa miaka 85, Mchungaji Peter Fossett, aje kuiona mara moja zaidi nyumba alikouzwa. Alifariki mwezi Januari uliofuata.

Kabla ya kufa alikuwa ameyasimulia aliyoyaona mlimani, na gazeti la New York likayachapisha. Madison naye alikuwa amesema tangu 1873. Mashahidi wawili wametoa ushahidi wao hadharani. Basi ilikuwaje Marekani nzima ikaendelea kusema hakuna kitu?

Itaendelea Jumapili ijayo.


SEHEMU YA 5: CHOO CHA WAGENI

ILIPOISHIA: Nyumba imeokolewa mara mbili na familia ya Levy. Walioishi ndani yake wamesema. Hawajasikilizwa.

Mwaka 1911 mama mmoja mwenye ushawishi, Maud Littleton, alianzisha kampeni ya kuitaka Monticello iwe ya umma. Levy akagoma, akabishana, mwishowe akataja bei: dola 500,000. Bunge halikutoa. Mwaka 1923 ukaundwa wakfu wa kumkumbuka Jefferson, ukainunua kwa bei hiyo hiyo, na nyumba ikawa makumbusho. Wataalamu wakaongozwa na mwanahistoria wa ujenzi Fiske Kimball kuirudisha katika hali ya enzi za Jefferson, na kwa upande wa nguzo, kuba na rangi walifanya kazi ya kusifiwa. Mwaka 1987 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia, miaka 13 kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Ila enzi za Jefferson zilirudishwa nusu. Wageni walionyeshwa saa, lifti ya mvinyo, mlango unaozunguka. Waliambiwa ni werevu wa bwana mkubwa. Waliovuta kamba na kubeba sinia waliitwa watumishi, au hawakutajwa. Na kwa kuwa wageni waliongezeka, ikahitajika sehemu ya kujisaidia. Mwaka 1941 chumba kimoja chini ya baraza ya kusini kikageuzwa choo. Miaka ya 1960 kikakarabatiwa, kikatiwa vigae. Watu kwa maelfu wakaingia, wakanawa mikono, wakatoka.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Mwaka 1993 watafiti wa Monticello walianza kuzunguka Marekani wakiwahoji wajukuu na vitukuu wa watumwa wa mlimani, na familia moja baada ya nyingine ikatoa simulizi iliyofanana. Novemba 1998 jarida la kisayansi la Nature likachapisha vipimo vya vinasaba: kizazi cha Eston Hemings kinaungana na ukoo wa kiume wa akina Jefferson. Januari 2000 wakfu wenyewe ukakiri kwamba ushahidi wote, wa maabara na wa maandishi, unaonyesha kwa uwezekano mkubwa kuwa Jefferson ni baba wa watoto wa Sally. Wapo waliokasirika, na wapo wanaobisha hadi leo. Lakini Madison alikuwa amesema kweli miaka 125 kabla ya maabara.

Likabaki swali la mahali. Mjukuu wa Jefferson aliwahi kueleza kwamba chumba cha Sally kilikuwa katika bawa la kusini. Wanaakiolojia walipoyalinganisha maelezo hayo na jengo, vidole vyao vikaelekea mlango wa choo.

Mwaka 2017 vigae viling'olewa na zege la karne ya 20 likavunjwa. Chini yake ikatokea sakafu ya matofali ya mwanzoni mwa miaka ya 1800. Yakatokea mawe na matofali ya meko. Chumba kina upana wa mita 4 na nusu na kina cha mita 4, hakina dirisha, kimebanwa na mlima kwa nyuma. Katika uchimbaji huo huo wa bawa la kusini, chini ya Banda la Kusini, lile jiko la zamani nililoomba msomaji alikumbuke likafukuliwa, na misingi ya majiko ya mkaa ya upishi wa Kifaransa ikaonekana: jiko la James, kisha la mdogo wake Peter Hemings. Juni 2018 chumba kikafunguliwa kwa wageni. Hawakukijaza fanicha za kubuni. Kimeachwa kitupu, na maneno ya Madison yanaangaziwa ukutani.

Hukumu yangu juu ya nyumba hii ni nyepesi. Monticello ni kazi nzuri ya ujenzi, na sehemu kubwa ya werevu wake ilitumika kumficha binadamu. Kuhifadhi uzuri na kufukia binadamu si uhifadhi, na walioihifadhi walichukua karibu miaka 80 kulitambua hilo. Tangu walipolitambua, wamefanya kazi ya kweli: mwaka 2001, kando ya eneo la kuegesha magari ya wageni, walithibitisha makaburi yasiyopungua 40 ya watumwa wa mlimani, na sasa eneo hilo limezungushiwa uzio na kutunzwa.

Kaburi la Sally halimo. Lilipo halijulikani.

Nilidhani simulizi yetu ingeishia hapa. Lakini ipo nyumba nyingine ya Virginia, Mount Vernon ya George Washington, iliyojengwa kwa mbao zilizopakwa rangi na kurushiwa mchanga ili zionekane mawe. Mei 21, 1796, familia ya Washington ikiwa Philadelphia, masanduku yakifungwa kwa safari ya kurudi huko, Rais na mkewe walikaa mezani kula. Mtumwa wao, binti aitwaye Ona Judge, alifungua mlango akatoka nje, na ndani ya siku chache tangazo la kumsaka lilikuwa limeshachapishwa magazetini.

Je, Rais wa kwanza wa Marekani alimpata? Tukutane Jumapili ijayo.